Ufafanuzi: Kwa nini daftari la kampuni huamua uzito wa adhabu mahakamani

Mfanyakazi mmoja akitoa hongo kwa jina la kampuni, je, kampuni nzima inastahili kuadhibiwa? Na ikiwa inastahili, adhabu hiyo ipimwe kwa kipimo gani? Katika mahakama za nchi nyingi hivi sasa, jibu la maswali hayo hutegemea mambo mawili. La kwanza ni kama kampuni ilikuwa na utaratibu wa kweli wa kuzuia uovu kabla haujatendeka. La pili ni kama ilitunza nyaraka zinazothibitisha hivyo. Asiyekuwa na la pili huona shida kumshawishi hakimu kwamba alikuwa na la kwanza.

Suala hili huonekana kama jambo la mabenki na makampuni makubwa ya ng'ambo. Hata hivyo, kesi mbili zinazolieleza vizuri zaidi zilianzia Tanzania, nchi jirani inayopakana na Burundi kwenye ufuko huohuo wa Ziwa Tanganyika. Na mafunzo yake yanamgusa kila anayeshika pesa ya wenzake, awe meneja wa benki au mweka hazina wa chama cha ushirika cha wakulima wa michikichi.

Gatete: mahali ambapo thamani ya karatasi inajulikana

Wakaazi wa Gatete, katika komini ya Rumonge, hawahitaji kufundishwa kwamba karatasi ina uzito. Baada ya matukio ya mwaka 1972, watu wengi wa ukanda huu walikimbilia Tanzania. Mashamba waliyoyaacha, mengi yakiwa ya michikichi, yalichukuliwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamegawiwa na mamlaka za serikali. Wakimbizi waliporejea, kila upande ulijiona una haki. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, ili kusikiliza migogoro hiyo. Mbele ya tume, aliyekuwa na hati aliitoa. Asiyekuwa nayo alilazimika kutegemea kumbukumbu ya wazee na ushahidi wa majirani, na majirani wengine walikuwa wamekwisha kufariki.

Biashara ya mawese inayoendelea katika eneo hilo hujengwa juu ya imani kama hiyo. Ngazi hukatwa, huchemshwa na kukamuliwa katika viwanda vidogo, kisha mafuta hutiwa katika bidoni na kusafirishwa kwenda Bujumbura na kwingineko. Kati ya mkulima na mnunuzi wa mwisho, mzigo hupita katika mikono mingi: mpokeaji, mpima, msafirishaji, mwenye ghala na mtoza ushuru. Katika kila mkono pesa inaweza kubadilishwa bila kuacha alama yoyote. Methali ya Kiswahili imelisema jambo hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria za kisasa zimeongeza jambo moja tu, kwamba bila daftari hata uadilifu hauna shahidi.

Mpango wa utii wa sheria ni nini?

Mpango wa utii wa sheria ni jumla ya kanuni, watu na taratibu ambazo taasisi huziweka ili wafanyakazi wake wasivunje sheria, na wakivunja wagunduliwe mapema. Wazo hili lilipata nguvu kubwa nchini Marekani tarehe 1 Novemba 1991, ilipoanza kutumika sura ya nane ya miongozo ya utoaji adhabu ya mahakama za shirikisho, ambayo inahusu adhabu za makampuni na taasisi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa mwaka 2005, majaji hawalazimiki tena kuifuata miongozo hiyo neno kwa neno, lakini ni wajibu wao kuizingatia.

Miongozo hiyo, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004, inataja mambo saba ambayo mpango unapaswa kuwa nayo:

1. Kanuni na taratibu zilizowekwa wazi za kuzuia na kugundua uhalifu.
2. Wakuu wa taasisi wanaoujua mpango na kuusimamia, na mtu maalumu aliyekabidhiwa kazi hiyo pamoja na uwezo wa kuifanya.
3. Kutompa madaraka mtu ambaye taasisi inajua, au ilipaswa kujua, kwamba ana historia ya kuvunja sheria.
4. Mafunzo kwa viongozi, wafanyakazi na mawakala.
5. Ukaguzi wa mara kwa mara, na njia ya mfanyakazi kutoa taarifa bila kuogopa kulipiziwa kisasi.
6. Motisha kwa wanaotii na nidhamu kwa wanaokiuka.
7. Hatua za haraka uovu unapogunduliwa, pamoja na kurekebisha kasoro iliyouruhusu.

Kila moja ya hatua hizi huacha karatasi nyuma yake. Mafunzo huacha orodha ya waliohudhuria, ukaguzi huacha ripoti, malalamiko huacha barua, na nidhamu huacha uamuzi uliotiwa saini. Mpango usioacha alama yoyote kati ya hizo, hakimu ana sababu ya kuamini kwamba ulikuwa maneno matupu.

Jinsi adhabu inavyohesabiwa

Katika utaratibu wa Marekani, mahakama huanza na faini ya msingi, inayotokana na uzito wa kosa, faida iliyopatikana au hasara iliyosababishwa. Kisha huhesabu alama za hatia za kampuni. Kila kampuni huanza na alama tano. Alama huongezwa ikiwa, kwa mfano, wakuu walishiriki katika kosa au kampuni iliwahi kuadhibiwa. Kuzuia uchunguzi, ikiwa ni pamoja na kuharibu ushahidi, huongeza alama tatu. Kuwa na mpango madhubuti wa utii wa sheria hupunguza alama tatu. Kujiripoti mapema, kushirikiana na wachunguzi na kukubali kosa kwa pamoja hupunguza alama tano.

Mfano wa kufikirika unaonyesha tofauti inayotokea. Tuseme faini ya msingi ni dola milioni 1, na hakuna jambo jingine la kuongeza wala kupunguza alama. Kampuni yenye alama tano itakabiliwa na faini ya kati ya dola milioni 1 na milioni 2. Ikiwa ilikuwa na mpango madhubuti, alama hushuka hadi mbili, na faini huwa kati ya dola 400,000 na 800,000. Ikiwa haikuwa na mpango na ikachoma nyaraka baada ya kusikia habari za uchunguzi, alama hupanda hadi nane, na faini huwa kati ya dola milioni 1.6 na milioni 3.2. Kosa la awali ni lilelile. Kilichobadilisha kiasi ni mwenendo wa kampuni kabla ya kosa na baada yake.

Nafuu hiyo haitolewi ovyo. Kampuni iliyogundua kosa kisha ikachelewa kulitolea taarifa bila sababu ya msingi huipoteza.

Kesi ya rada: hatia iliyokuwa ndani ya vitabu

Mwaka 1999 serikali ya Tanzania ilikubali kununua mfumo wa rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni iliyokuwa chini ya BAE Systems ya Uingereza, kwa bei ya takriban pauni milioni 28. Baadaye ilibainika kwamba dola zipatazo milioni 12.4 zilikuwa zimelipwa kwa kampuni mbili zilizokuwa chini ya mshauri mmoja wa masoko. Katika vitabu vya muuzaji, malipo hayo yaliandikwa kuwa ya huduma za kitaalamu.

Tarehe 21 Desemba 2010, kesi hiyo ilifikia hukumu katika Mahakama ya Southwark mjini London. BAE haikushtakiwa kwa kutoa rushwa, na haikukutwa na hatia ya rushwa. Ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu zinazotosha kueleza malipo yale yalikuwa ya nini hasa. Jaji aliitoza faini ya pauni 500,000 pamoja na gharama za kesi za pauni 225,000. Kwa mujibu wa makubaliano na waendesha mashtaka, kampuni ilikuwa imeahidi kulipa pauni milioni 30 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania, ukitoa faini yoyote itakayotozwa. Pauni milioni 29.5 zilizobaki zilielekezwa katika elimu, zikanunua vitabu na madawati kwa shule za msingi.

Funzo la kesi hii lina pande mbili. Upande mmoja, linaonyesha kwamba kutotunza hesabu ni kosa lenyewe linalojitegemea, hata pale ambapo hongo haikuthibitishwa. Upande wa pili, linaonyesha hasara ambayo umma hupata karatasi zinapokosekana. Kwa kuwa vitabu havikueleza ukweli, mahakama haikupata nafasi ya kutamka nani alipokea nini na kwa sababu gani. Watoto walipata madawati, lakini maelezo kamili ya pesa ile hayakupatikana katika vitabu vya aliyeilipa.

Kesi ya benki: wafanyakazi waliotilia shaka

Kesi ya pili ilitokea Dar es Salaam. Mwaka 2013, Stanbic Tanzania na Standard Bank, benki ndugu yenye makao yake London, zilisaidia serikali ya Tanzania kukopa dola milioni 600 kutoka kwa wawekezaji. Ada ya kazi hiyo ilipandishwa hadi asilimia 2.4, na asilimia 1 kati ya hizo, yaani dola milioni 6, ililipwa kwa kampuni ya nchini Tanzania iitwayo EGMA. Hakukuwa na ushahidi kwamba kampuni hiyo ilitoa huduma yoyote inayolingana na malipo hayo. Sehemu kubwa ya fedha ilitolewa taslimu katika siku chache za mwezi Machi 2013.

Walioona kasoro ni wafanyakazi wa Stanbic wenyewe. Walipotilia shaka kiasi kikubwa namna ile kutolewa taslimu, walitoa taarifa kwa wakubwa wao, na taarifa ikapanda hadi makao makuu. Mwezi Aprili mwaka huohuo, benki ilijiripoti yenyewe kwa mamlaka za Uingereza, kabla ya SFO, ofisi ya nchi hiyo inayoshughulikia udanganyifu mkubwa, kufahamu lolote.

Tarehe 30 Novemba 2015, Jaji Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina yake nchini Uingereza. Kosa lililoandikwa lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa, chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya mwaka 2010. Kwa mujibu wa kifungu hicho, kampuni ina utetezi mmoja tu: kuthibitisha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia rushwa. Benki ya London ilikuwa imeandika taratibu zake, lakini haikumchunguza mshirika yule, kwani iliwaachia wenzake wa Dar es Salaam kazi hiyo.

Hesabu ya adhabu ilifanywa hadharani. Ada ambayo benki zilipata, dola milioni 8.4, ilizidishwa mara tatu ikawa milioni 25.2, kisha ikapunguzwa kwa theluthi moja, ikabaki faini ya dola milioni 16.8. Benki ilirejesha pia ile ada ya milioni 8.4, na kuilipa serikali ya Tanzania fidia ya dola milioni 6 pamoja na riba ya takriban dola milioni 1. Kujiripoti kwake mapema na kushirikiana na wachunguzi kulikuwa sababu kubwa ya kupewa makubaliano hayo badala ya kufikishwa kizimbani.

Wakati wa kutunza na wakati wa kutupa

Hakuna sheria inayoitaka taasisi kutunza kila kipande cha karatasi milele. Taasisi yenye utaratibu mzuri hupanga ni nyaraka zipi zitunzwe, kwa miaka mingapi, na zipi ziharibiwe muda ukiisha. Tatizo huanza pale utaratibu huo unapokumbukwa ghafla siku ambayo wachunguzi wanakaribia.

Hilo ndilo lililoikuta Arthur Andersen, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za uhasibu duniani. Mwaka 2001, mteja wake Enron alipokuwa akielekea kuporomoka, wafanyakazi wa Andersen walikumbushwa kufuata sera ya kampuni kuhusu nyaraka, na karatasi nyingi zikapitishwa katika mashine za kuchana. Mwezi Juni 2002 kampuni ilikutwa na hatia ya kuzuia haki. Tarehe 31 Mei 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo kwa kauli moja, kwa sababu maelekezo yaliyotolewa kwa baraza la wazee wa mahakama yalikuwa na kasoro. Ushindi huo ulikuja baada ya wateja kuondoka na maelfu ya wafanyakazi kupoteza ajira.

Wakati huohuo sheria ilikuwa imekwisha kukazwa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 30 Julai 2002 iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayeharibu au kughushi nyaraka kwa nia ya kukwamisha uchunguzi wa serikali ya shirikisho, hata kama uchunguzi huo bado haujaanza rasmi. Kutokana na hayo, kanuni inayofuatwa na wanasheria wengi ni hii: mara tu taasisi inapojua kwamba kuna kesi au uchunguzi unaokuja, uharibifu wa nyaraka zinazohusika husimama papo hapo, hata kama muda wake wa kutunzwa umekwisha.

Wajibu huo upo hata katika kanda hii

Burundi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa mwaka 2006, mwaka uleule ilipotunga sheria yake ya tarehe 18 Aprili kuhusu kuzuia na kuadhibu rushwa. Ibara ya 12 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku hesabu zisizoandikwa vitabuni, matumizi hewa, stakabadhi za uongo, na kuharibu kwa makusudi nyaraka za hesabu kabla ya muda uliowekwa na sheria. Ibara ya 26 inataka makampuni na taasisi nazo ziwajibishwe, si watu binafsi pekee.

Nchini Kenya, Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 inaitaka kila taasisi binafsi kuwa na taratibu za kuzuia rushwa zinazolingana na ukubwa wake na aina ya kazi yake. Maneno hayo ya mwisho yana umuhimu mkubwa. Duka la watu watatu halitakiwi kuwa na idara ya ukaguzi kama ya benki, bali kinachotakiwa ni utaratibu unaolingana na uwezo wake na unaofuatwa kweli.

Kuhusu muda, viwango vya kimataifa vya kupambana na utakatishaji wa fedha vinazitaka benki na taasisi za fedha kutunza kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka mitano. Kenya imeweka angalau miaka saba. Kwa biashara nyingine, muda hutegemea sheria za kodi na za biashara za kila nchi, na ni vyema kumuuliza mhasibu au ofisi ya kodi kabla ya kutupa chochote.

Maana yake kwa vyama vidogo vya ukanda wa ziwa

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika chenye wanachama arobaini. Dereva wake anadaiwa kumpa mtu pesa njiani ili mzigo wa mawese upite bila kulipiwa ushuru. Polisi wanafika na kuuliza: nani alimtuma, na pesa ilitoka wapi? Ikiwa chama kina daftari linaloonyesha pesa ya safari iliyotolewa, risiti za ushuru za safari zilizotangulia, na kumbukumbu ya mkutano ambapo madereva walikatazwa jambo hilo, kinaweza kuonyesha mpaka kati ya kosa la mtu mmoja na jina la watu arobaini. Bila hayo, wote hubaki na maneno ya mdomo, na akiba ya wote huwa hatarini.

Hatua zinazofaa kwa chama kama hicho si nyingi wala hazihitaji gharama kubwa:

- Kuandika kila pesa inayoingia na inayotoka siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, bila kuacha mistari mitupu.
- Kutenganisha kazi: anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika daftari wala ndiye anayelikagua.
- Kutunza risiti za ushuru na za usafiri kwa mpangilio wa miezi, na kuzipiga picha, kwani unyevu wa ziwa na madoa ya mawese huharibu karatasi haraka.
- Kutofuta ujumbe wa malipo ya simu kama Lumicash kabla ya kunakiliwa daftarini. Simu ikipotea, ushahidi hupotea nayo.
- Kuandika makatazo ya hongo, kuyasoma katika mkutano, na kutunza orodha ya waliohudhuria.
- Kumteua mwanachama mmoja anayeaminika, ambaye yeyote anaweza kumweleza shaka yake bila kuadhibiwa.
- Kutochana, kutochoma na kutobadilisha karatasi yoyote mara mgogoro unapojulikana, hata kama karatasi hiyo inaonekana kukidhuru chama.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hofu humshauri mtu kinyume chake. Lakini karatasi inayoonyesha kosa dogo huweza kuelezwa, na hakimu huweza kumhurumia aliyekiri. Nafasi tupu kwenye daftari, mahali ulipong'olewa ukurasa, haielezeki kwa urahisi. Wakulima wa Rumonge waliowahi kusimama mbele ya tume ya ardhi wakiwa na mikono mitupu wanaijua hali hiyo: mtu anaweza kuwa na haki, na bado akakosa cha kuionyesha.